Alfa 159 1.9 JTDm ya 2007: kipi kitangulie kabla ya kuongeza nguvu?

NjiaNdefu

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wanaoijua vizuri hii familia ya injini za JTD.

Gari ni Alfa Romeo 159 sedani, 1.9 JTDm ya valvu 16, farasi 150, toleo la 2007, giaboksi ya mkono ya gia sita. DPF (kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi) ya kiwandani ipo. Limetembea kilomita 214,000. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye 118,000. Dashibodi haina taa ya hitilafu, gari linawaka vizuri hata kukiwa na baridi, na oili haipungui hata kidogo kati ya sevisi na sevisi.

Lengo ni farasi 185 na Nm 400 za nguvu ya kuzungusha kwa rimapu peke yake, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, tabo (turbo) ibaki ileile. Baadaye springi za kushusha gari milimita 30, rimu za inchi 18 na breki za mbele zilizo kubwa zaidi.

Kinachonifanya nisite ni kwamba chini ya mizunguko 2,000 gari ni zito, na ukikanyaga mafuta ghafla linatoa moshi mweusi kwa sekunde moja hivi. Je, rimapu itaondoa huo uzito wa chini, au kuna kitu cha kutengeneza kwanza? Na tabo hii inafika kweli farasi 185 bila kuumia?

---

Spana13

Rimapu haitaondoa uzito wa chini. Itauficha kwa kumwaga dizeli zaidi kwenye hewa ileile, kisha moshi unaouona sekunde moja utauona tatu. Injini hii ikiwa nzima inavuta kuanzia 1,700 hivi, na Nm 320 zake zote zinapatikana kwenye 2,000. Kama yako haifanyi hivyo, hewa haifiki kwenye silinda kama inavyotakiwa. Gari lako sasa hivi halina farasi 150, na kazi ya kwanza ni kuzirudisha zote.

Usianze kwa kununua vipuri, anza kwa kusoma namba. Tafuta MultiECUScan, programu ya kusoma kompyuta ya gari, na adapta ya kuiunganisha ya ELM327 ambayo si ile nakala mbovu inayokatika katikati ya kusoma. Rekodi hivi:

1. Joto la maji baada ya kutembea kilomita 20 mfululizo, hasa kwenye mteremko mrefu. Thamostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 88. Ukiona 75 au 80 na inashuka ukiacha mafuta, thamostati imebaki wazi.

2. Hewa kwa kila mpigo, injini ikiwa na joto na gari limesimama, kwanza kama kawaida, kisha plagi ya umeme ya EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) ikiwa imechomolewa. Silinda moja ya injini hii ina ujazo wa cc 477. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, kwa hiyo hata silinda ikijaa kabisa bila tabo haiwezi kupita miligramu 570. Ukichomoa plagi ya EGR, kusomeka 430 hadi 500 ni kuzuri. Ikibaki kwenye 300 huku EGR haina umeme, ama EGR imekwama wazi kwa masizi, ama sensa ya hewa inadanganya. Ukimaliza rudisha plagi na ufute hitilafu itakayokuwa imeandikwa.

3. Presha ya tabo iliyoombwa na iliyopatikana. Gia ya tatu, kutoka 1,500 hadi 4,000, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, barabara iwe wazi. Rekodi pamoja na hewa kwa mpigo na presha ya reli ya dizeli.

4. Masahihisho ya nozeli nne (dizeli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kila moja), injini ikiwa na joto na gari limesimama. Ndani ya 2 kwenda juu au chini ni sawa. Moja ikipita 3, nozeli hiyo ipimwe kwenye benchi.

5. Za DPF: asilimia ya kujaa, na wastani wa umbali kati ya kujisafisha mara tano za mwisho.

6. Kiwango cha kuchakaa kwa oili kama kompyuta inavyokihesabu.

Hiyo ya 6 naitilia mkazo kwa sababu ya sentensi yako moja. Oili isiyopungua hata kidogo kwenye dizeli yenye DPF na kilomita 214,000 si habari njema moja kwa moja. DPF inapojisafisha, nozeli hurusha dizeli ya ziada baada ya mwako ili moshi ufike nyuzi 600 hivi. Sehemu ya dizeli hiyo hugonga ukuta wa silinda, ikapita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini inaweza kuwa inakula oili kidogo huku dizeli ikijaza pengo, na kijiti kikaonyesha palepale. Chomoa kijiti, nusa, na sugua tone kati ya vidole. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, badilisha oili kabla ya mtihani wa gia ya tatu.

---

GiaSita

Naongeza swali moja kabla hatujafika kwenye Nm 400. Ukiwa gia ya sita, ukikanyaga na kuachia mafuta, kiwiko cha gia kinasogea mbele na nyuma? Kitazame tu, usikishike.

159 ya 1.9 inatumia giaboksi ya M32, iliyotoka kwa General Motors, na ile 32 kwenye jina inahusu Nm 320. Ni sawasawa na inachotoa injini ya kiwandani, kwa hiyo hakuna akiba kubwa ya kuchezea. Ile ya 2.4 ilipewa F40, ambayo jina lake linafuata mtindo huohuo: 400. Wanaosema "mbona ya rafiki ina 400 na inatembea" mara nyingi hawajauliza ni giaboksi ipi.

Udhaifu wa M32 uko kwenye beringi za upande wa gia ya tano na ya sita, mwisho wa boksi. Oili inafika kule kwa shida, beringi zinalegea, shafti inaanza kucheza kwa urefu wake, na kwa kuwa gia imeshikana na shafti, kiwiko nacho kinacheza. Dalili inayotangulia ni mlio wa kuvuma gia ikiwa huru na klachi imeachiwa, unaonyamaza ukikanyaga klachi. Ukiachwa, beringi inakula nyumba yake, na mwishowe boksi lenyewe linatoboka pembeni. Ikikamatwa mapema ni kazi ya beringi na sili. Ikichelewa unatafuta boksi zima.

Oili yake ni sinthetiki ya GL-4, 75W-85. Usiweke GL-5 kwa kudhani namba kubwa ndiyo bora: viungo vyake vya kuzuia mkwaruzo hufanya sinkroniza zishindwe kushika, na gia zinaanza kukwaruza.

Na klachi: gia ya tano, mizunguko 1,800, kanyaga mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka kuliko kasi, klachi inateleza tayari kwa nguvu ya kiwandani. Flaiwili ya gari hili ni ya vipande viwili. Ikigonga unapozima injini au ikitetema unapoondoka, haifai kuwekewa klachi mpya juu yake. Vinabadilishwa pamoja pamoja na beringi ya klachi, maana kulishusha boksi ndiyo kazi yenyewe.

---

MasiziSifuri

Mimi ningefupisha njia. Funga EGR kwa bamba, toa vipepeo vya hewa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), toa DPF, kisha rimapu inayozima vyote hivyo. Injini inapumua hewa safi, matatizo yote yanaondoka siku moja, na farasi 185 zinakuwa rahisi.

---

Spana13

MasiziSifuri, vipepeo nakubaliana nawe, kwa sababu nitakayoieleza. EGR na DPF hapana.

Kwanza, kutoa DPF ni kuvunja sheria katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi, na gari halitapita ukaguzi. Pili, hata sheria ikiwekwa pembeni, DPF inayojaa haraka ni dalili tu. Inajaa kwa sababu mwako ni mchafu au kwa sababu haipati nafasi ya kujisafisha. Ukiitoa, chanzo kinabaki ndani ya injini, ila sasa hakuna kinachokwambia. Nozeli inayovuja itaendelea kuchoma kichwa cha pistoni kimyakimya.

EGR iliyosafishwa vizuri haipunguzi nguvu ya juu hata kidogo, maana kompyuta huifunga ukikanyaga mafuta mpaka chini. Inayoumiza ni EGR iliyokwama wazi. Ishushe, lowesha kwa dawa ya kusafishia kabureta, kwangua kwa mti au plastiki, usitumie bisibisi kwenye kiti cha valvu. Isukume kwa mkono: inatakiwa irudi yenyewe na ifunge kabisa.

Vipepeo ndiyo habari nyingine. Kila silinda ina njia mbili za kuingiza hewa, na kipepeo hufunga moja mizunguko ikiwa chini ili hewa izunguke vizuri ndani. Vijiti vyao vinalika, hewa ya tabo inavuja palepale, na fimbo inayoviunganisha inachomoka. Utaona ukungu mweusi wenye oili kuzunguka vijiti. Manifoldi mpya ni suluhisho sahihi. Kutoa vipepeo na kuziba matundu ya vijiti ni suluhisho linalofanya kazi pia, ila utapoteza mvuto kidogo sana chini ya 1,500, na kompyuta lazima ijulishwe vinginevyo taa itawaka.

Jambo la kupanga mapema ni hili: pampu ya shinikizo la dizeli inaziba njia ya kutolea manifoldi, na pampu hiyo inazungushwa na mkanda wa taimingi. Kazi ya manifoldi na kazi ya mkanda ni kazi moja. Mkanda wako una kilomita 96,000, na mwisho wa kiwanda ni 120,000, lakini muda nao unahesabika na huo utakuwa umepitwa kwa miaka mingi. Fanya vyote pamoja: mkanda, kikaza, rola, pampu ya maji, na mkanda wa nje na kikaza chake. Mkanda wa nje usiudharau. Ukichanika, nyuzi zake huweza kujipenyeza nyuma ya puli na kuingia kwenye mkanda wa taimingi, na hii ni injini ambayo taimingi ikiruka, valvu zinagonga pistoni. Kagua pia raba ya puli ya kranki. Ikianza kutengana na chuma, puli mpya.

Kwa atakayefanya mwenyewe: puli ya kranki inatoka kwa boliti zake nne ndogo. Boliti kubwa la katikati liache, halihitajiki kufunguliwa kwa kazi hii, na lina uzi wa kushoto, kwa hiyo anayelilazimisha "kulifungua" anazidi kulikaza. Ukimaliza, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakiki alama na mkao wa kikaza tena, ndipo uwashe.

---

NjiaNdefu

Nashukuru sana. Nimerekodi. Namba hizi hapa:

Joto la maji: 78 hadi 81 barabara tambarare, 72 mteremkoni.
Hewa kwa mpigo: 265 kawaida, 455 EGR ikiwa imechomolewa.
Presha kamili ya tabo gia ya tatu: kwenye 2,000 imeombwa milibaa 2,150, imepatikana 1,820. Kwenye 2,500 imeombwa 2,280, imepatikana 2,110. Kuanzia 3,000 zinalingana.
Presha ya reli inafuata iliyoombwa muda wote.
Nozeli: +0.8, −1.1, +0.6, −0.3.
DPF: imejaa asilimia 61, wastani kati ya kujisafisha ni kilomita 190.
Oili: kijiti kinanuka dizeli kweli.
Kiwiko cha gia: gia ya sita kinasogea kama sentimita moja na nusu. Gia nyingine sioni. Mlio wa kuvuma upo lakini ni mdogo.

---

Spana13

Namba safi, na zinaeleza kisa kimoja.

Nozeli ziache, hazina tatizo. Sensa ya hewa na EGR ziko sawa: 455 bila EGR ni jibu zuri. Pampu ya dizeli ni nzima.

Thamostati imekufa, na hii ndiyo mama wa nusu ya matatizo yako. Injini yenye nyuzi 78 kompyuta inaiona bado ina baridi. Dizeli inachomeka vibaya zaidi, masizi yanaongezeka, na kujisafisha kwa DPF kunakawia, kunakatishwa, kunaanza upya. Kilomita 190 ni chache mno, gari linalosafiri masafa linatakiwa lipite 500. Kila jaribio linaloshindwa linaacha dizeli kwenye oili. Badilisha thamostati pamoja na nyumba yake, inauzwa kama kipande kimoja na gasketi. Maji yake ni ya aina nyekundu ya Paraflu UP, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Usichanganye na ile ya bluu, vinagandamana. Toa hewa kwenye mfumo kwa subira, hita ikiwa wazi mpaka mwisho.

Thamostati ikishakaa na joto likafika 88 na kubaki hapo, ndipo umwage oili. Ukimwaga kabla, utaichafua mpya. Oili iwe 5W-30 yenye ACEA C2 na kibali cha Fiat 9.55535-S1. Hiyo ina majivu machache. Oili ya kawaida ikichomeka huacha majivu kwenye DPF, na majivu tofauti na masizi hayachomeki tena, yanabaki humo milele. Injini inachukua karibu lita 4.5 pamoja na filta, maliza kwa kupima na kijiti. Kisha ijulishe kompyuta kwa MultiECUScan kwamba oili imebadilishwa, usipofanya hivyo itaendelea kuhesabu kutoka kwenye ile ya zamani.

Sasa tabo. Pengo la milibaa 330 kwenye 2,000 linalofungika kufikia 3,000 linasema tabo yenyewe inaweza, ila chini hewa inatoroka au mabapa ya tabo, yanayobana moshi unaoizungusha, hayajifungi vya kutosha. Juu tabo inazalisha hewa nyingi kiasi kwamba uvujaji mdogo haujulikani. Angalia kwa mpangilio huu:

Mipira ya vakyumu ya kipenyo kidogo, kutoka pampu ya vakyumu hadi solenoidi na kutoka solenoidi hadi kopo la tabo linalosogeza mabapa. Ikipasuka kidogo tu, mabapa hayafungi. Unganisha pampu ya mkono kwenye kopo, vuta, na uone fimbo ikisogea kwa ulaini bila kukwama mpaka mwisho. Ishike dakika moja: geji isishuke.

Fimbo ikisogea kwa kurukaruka, mabapa yana masizi. Kwa dalili zako sidhani, maana mabapa yaliyokwama kwa kawaida huleta presha kupita kiasi juu, na msimbo wa hitilafu P0234, na wewe juu uko sawa.

Kisha mtihani wa uvujaji. Ziba mdomo wa kuingizia hewa wa tabo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ziba na mpira wa pumzi ya kranki, la sivyo hewa itaingia kwenye injini na kusukuma sili. Jaza polepole, usipite baa 1. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo), maungio yake, na hasa kwenye vijiti vya vipepeo. Nitashangaa kama vipepeo havitatoa mapovu kwa umbali huu. Mipira ya intakula ipapase chini, upande usioonekana: oili ya ukungu huilainisha na ikatanuka ikiwa na presha.

---

GiaSita

Sentimita moja na nusu gia ya sita pamoja na mlio: beringi zimeanza. Usisubiri. Mwombe fundi afungue kifuniko cha mwisho cha boksi akague upande ule kabla hajatoa ahadi ya bei. Kama sumaku ya oili ina unga laini wa kijivu, hilo ni la kawaida. Ikiwa na vipande vinavyong'aa vyenye ncha, boksi lifunguliwe lote.

Na kwa kuwa boksi litashuka, klachi na flaiwili zikaguliwe siku hiyohiyo. Vipuri havina shida kupatikana, kwani M32 imo kwenye Opel nyingi za miaka hiyo, na injini yenyewe iko kwenye Vectra C, Astra H, Zafira B, Saab 9-3 na Fiat Croma. Ukitafuta kwa jina la Alfa peke yake unajinyima nusu ya soko.

---

KamberiHasi

Kuhusu springi, rimu na breki, kwa ufupi.

Rimu za inchi 18 kwa 159 ni tairi 235/45 R18, kipimo cha kiwandani. Mashimo ni 5x110 na tundu la katikati 65.1. Za Alfa 156 ni 5x98, haziingii, na adapta za kulazimisha usizitumie.

Mbele gari hili lina aamu mbili, ya juu na ya chini. Bushi na boljointi za aamu ya juu zinalika na kulia kama mlango wenye kutu, na kushusha gari kunaongeza pembe zinazofanya kazi. Springi mpya juu ya aamu zilizochoka ni tairi kuliwa upande wa ndani ndani ya miezi michache. Kwa hiyo aamu za juu kwanza, viungo vya fimbo ya kusawazisha, kisha springi, kisha pembe zipimwe. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake chini. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi inabaki imejikunja muda wote na inachanika mapema. Milimita 30 ndiyo mwisho wangu kwa gari la barabarani, kwa sababu sampu iko karibu na ardhi.

Ukiwa chini, toa kifuniko cha plastiki na ukague sampu na fremu ya mbele. Kifuniko kile hushika unyevu, na sampu ya chuma hutoboka kwa kutu kutoka nje. Utaona jasho la oili kabla ya tundu.

Breki: 1.9 ina diski za mbele za milimita 330? Hapana, hizo ni za 2.4, na kaliper za Brembo za pistoni nne. Yako ni 305. Za 330 zinaweza kuhamishwa, ila rimu za inchi 16 hazitaingia tena. Kwa farasi 175 au 180, diski nzuri za 305, pedi bora na mafuta mapya ya breki ya DOT 4 vinatosha kabisa.

---

NjiaNdefu

Basi mpango umebadilika: thamostati, oili, kutafuta uvujaji, mkanda na manifoldi, boksi. Vyote vikikamilika na rekodi ikatoka safi, bado farasi 185 ni ndoto?

---

Spana13

Tufanye hesabu, maana karatasi za matangazo hazifanyi.

Farasi 150 ni kilowati 110. Injini ikigeuza asilimia 36 ya nishati ya dizeli kuwa kazi, kwenye mizunguko 4,000 kila mpigo unahitaji karibu miligramu 54 za dizeli. Farasi 175 zinataka 63. Farasi 185 zinataka 66. Ili mwako uwe bila moshi, hewa iwe angalau mara 17.5 ya dizeli: yaani miligramu 1,100 kwa farasi 175, na 1,155 kwa 185.

Sasa hewa inatoka wapi? Silinda ya cc 477, ikijaa kwa asilimia 88, hewa ya nyuzi 60 baada ya intakula: ili upate 1,100 unahitaji presha kamili ya baa 2.5 hivi, na kwa 1,155 zaidi ya 2.6, na hiyo ni kwenye 4,000. Tabo yako, GT1749MV, ni ndogo. Kule juu inakuwa karibu na mwisho wake, inapasha hewa moto kuliko inavyoibana, na presha ya moshi nyuma ya pistoni inapanda. Wengi wanaofikisha 185 wanafanya hivyo kwa kushusha uwiano hadi 15 au 16. Namba inapatikana kwenye mashine ya kupimia, na DPF inalipa.

Kwa hiyo mwombe fundi wa programu hivi: farasi 175, Nm 360 na si 400. Nm 360 zianze kwenye 2,300, si 1,800, zishike mpaka 3,200, halafu zishuke zenyewe mpaka kama Nm 307 kwenye 4,000, ambazo ndizo farasi 175 kamili. Mkunjo wa namna hiyo hauipigi flaiwili wala beringi za boksi kwa kishindo cha mizunguko ya chini, na bado gari litakuwa jepesi kuliko lilivyo sasa kila mahali. Joto la moshi kabla ya tabo lisizidi nyuzi 800 kwa mwendo wa mfululizo. Kikomo cha moshi kibaki kimefungwa kwenye sensa ya hewa. Ulinzi wa joto la maji na la dizeli usizimwe. Anayekupa faili bila kuomba rekodi ya gari lako hajui anaandikia injini gani.

Kompyuta yako ni Bosch EDC16C39, inasomeka na kuandikika kupitia soketi ya OBD. Wakati wa kuandika, betri iwe kwenye chaja inayoshikilia volti zaidi ya 13, feni na redio vizimwe. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inabaki haina programu kamili na itabidi ifunguliwe mezani. Hifadhi faili la asili sehemu mbili.

Baada ya kuandika, rudia mtihani uleule wa gia ya tatu. Pengo kati ya presha iliyoombwa na iliyopatikana lisizidi milibaa 100 likitulia.

---

GiaSita

Na gia ya sita usiikanyage mpaka chini ukiwa chini ya mizunguko 2,000, hata beringi zikiwa mpya. Shuka ya tano kwanza.

---

NjiaNdefu

Nimeelewa. Nm 360 kuanzia 2,300, farasi 175. Thamostati inaingia Jumamosi, nitaleta rekodi ya joto na ya DPF ikishatembea kilomita 1,000.